Kutafuta Maarifa kwa Kitafutio cha Pamoja: Somo kwa Mafrateri na Waumini wa Shinyanga na Geita



Somo letu la leo linahusu kazi ambayo kila frateri wa falsafa huifanya kabla ya kumaliza masomo yake, yaani kuandika insha ya utafiti. Linamhusu pia mwalimu, katekista, mjumbe wa Kamati ya Haki na Amani ya parokia, na mzazi mwenye kijana chuoni. Siku hizi sote tunatafuta majibu kwa simu na kompyuta. Tujiulize basi: tunatafuta kwa utaratibu gani, na tunachokipata tunakipima vipi?

Ili tusizungumze hewani, tuchukue swali moja la hapa kwetu. Katika machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu mkoani Geita, na kule Kahama mkoani Shinyanga, vijana wengi wanaoshuka kwenye maduara hawana mshahara wa mwezi. Wanafanya kazi kwa mgao. Mawe yenye dhahabu yakitoka, yanagawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Yasipotoka, jasho limekwenda bure. Papa Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira hauwi wa haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Lazima pia umtoshe mfanyakazi kuishi. Je, fundisho hilo linamgusa pia mtu asiye na mshahara, bali ana fungu lake la mawe?

Hilo ni swali zuri la maadili, na wanaosubiri jibu lake ni watu tunaokaa nao benchi moja kanisani. Kwa hiyo mwenye kuliandikia anapaswa kutafuta kwa uangalifu. Tutatembea nalo hatua kwa hatua.

1. Kitafutio cha pamoja ni nini?

Zamani mwanafunzi aliingia maktaba akafungua droo za kadi. Baadaye ikaja katalogi ya kompyuta, ambayo huonyesha vitabu vilivyo kwenye rafu za maktaba hiyo. Lakini makala za majarida ya kitaaluma zilikaa kwenye hifadhidata mbalimbali, na kila moja ilikuwa na mlango wake. Mwanafunzi alilazimika kubisha mlango mmoja mmoja.

Kitafutio cha pamoja ni kisanduku kimoja kwenye tovuti ya maktaba ya chuo kikuu, kinachotafuta kwa mara moja vitabu vya rafuni, vitabu vya kielektroniki, makala za majarida, na mara nyingi tasnifu za wanafunzi wa chuo hicho. Kampuni kadhaa hutengeneza programu hizi. Zinazojulikana sana ni EBSCO Discovery Service, Primo na Summon. Maktaba huweza kukiita kwa jina lake yenyewe, hivyo ukifika chuoni muulize mkutubi, "Kisanduku cha kutafuta kila kitu ni kipi?"

Ni muhimu kuelewa kinavyofanya kazi. Unapoandika neno, mashine haikimbii kwenda kuuliza kila mchapishaji duniani. Tayari imekwisha kukusanya taarifa za kazi nyingi: kichwa, mwandishi, mwaka, mada, muhtasari, na wakati mwingine maandishi yote. Taarifa hizo zimewekwa kwenye faharasa moja kubwa, na mashine inasoma faharasa hiyo.

Mfikirie karani wa parokia mwenye daftari kubwa lililonakiliwa kutoka madaftari ya vigango vyote. Ukimuuliza habari za ubatizo anakujibu upesi. Lakini kigango ambacho hakikuleta daftari lake, waumini wake hawaonekani kwake, ingawa wapo na wanasali kila Dominika. Ndivyo ilivyo kwa kitafutio. Kikikuambia "hakuna matokeo," maana yake ni kwamba hakuna kitu kwenye daftari lake kinacholingana na maneno yako. Hakijasema kwamba hakuna aliyewahi kuandika juu ya jambo hilo.

Tena, kuona si kufungua. Kitafutio kinaweza kukuonyesha kichwa cha makala ambayo maktaba yako haijailipia. Usikate tamaa, tutaona hapa chini la kufanya.

2. Vunja swali lako kabla ya kuandika

Wengi huandika sentensi nzima kwenye kisanduku. Matokeo yake ni maelfu ya kurasa, nyingi zisizohusika. Chukua karatasi kwanza, uligawe swali lako katika mawazo makuu. Swali letu lina matatu: wachimbaji wadogo, malipo, na mahali. Kwa kila wazo andika maneno yote ambayo mwandishi angeweza kuyatumia. Kwa kuwa sehemu kubwa ya utafiti juu ya machimbo yetu imeandikwa kwa Kiingereza, maneno mengi yatakuwa ya Kiingereza.

Kisha fungua ukurasa wa utafutaji wa kina. Utaona mistari kadhaa ya kuandikia. Kila wazo lipe mstari wake:

Mstari wa kwanza: "artisanal mining" OR "small-scale mining" OR "gold miners"

Mstari wa pili: wage OR wages OR labour OR labor OR income

Mstari wa tatu: Geita OR Shinyanga OR Kahama OR Mwanza OR Tanzania

Kati ya mstari na mstari chagua AND.

Waliosoma Mantiki watatambua mara moja kilichofanyika. OR huunganisha maneno ya wazo moja na kupanua matokeo, kwa kuwa inatosha neno moja liwepo. AND hukutanisha mawazo na kupunguza matokeo, kwa kuwa lazima yote yawepo. NOT hutoa nje. Mantiki hii inabeba jina la George Boole, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya sheria za fikra mwaka 1854. Maneno haya matatu yaandikwe kwa herufi kubwa, kwa sababu vitafutio vingi visipoona herufi kubwa huyachukua kama maneno ya kawaida.

Alama za nukuu huyafunga maneno yakae pamoja kwa mpangilio huohuo. Nyota mwishoni mwa neno huleta miisho yote: miner* italeta miner, miners na mineral. Usikate neno mapema mno. Ukiandika min* utaletewa machimbo, wizara na akili vyote kwa pamoja.

NOT itumie kwa tahadhari kubwa. Anayeandika NOT witchcraft kwa nia ya kuepuka habari za uchawi atapoteza pia makala inayozungumza juu ya malipo kwa kurasa ishirini na kugusa uchawi kwa sentensi moja.

3. Kiswahili na majina yanayobadilika

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya mwongozo kutoka nje havitaji. Nyota hufanya kazi vizuri mwishoni mwa neno, lakini Kiswahili hubadilisha maneno yake mwanzoni. Mashine haijui kwamba mchimbaji, wachimbaji na uchimbaji ni watoto wa nyumba moja, na vitafutio vingi havikubali nyota mwanzoni mwa neno. Kwa hiyo ukitafuta maandishi ya Kiswahili andika maumbo yote: mchimbaji OR wachimbaji OR uchimbaji OR machimbo. Fanya vivyo hivyo kwa mganga, waganga na uganga, au kwa mkulima, wakulima na kilimo.

Majina ya mahali nayo yana historia. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na ndiyo maana tumeweka Mwanza kwenye mstari wa tatu. Mwaka huohuo Mkoa wa Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga, hivyo utafiti wa zamani juu ya Bariadi, Maswa au Meatu utaukuta chini ya jina la Shinyanga. Ukirudi nyuma ya mwaka 1964 andika pia Tanganyika. Na usichanganye Bulyanhulu, penye mgodi wa dhahabu, na Ulyankulu ya Tabora, iliyojulikana kwa makazi ya wakimbizi. Majina yanakaribiana, lakini ni mahali pawili tofauti kabisa.

Majina ya watu na desturi pia hubadilika. Wasukuma huandikwa Sukuma, Basukuma au Wasukuma, na nchi yao Usukuma au Sukumaland. Anayetafuta habari za ulinzi wa jadi ulioibuka pande zetu mwanzoni mwa miaka ya 1980 aandike sungusungu, lakini ajaribu pia busalama, basalama na vigilante. Ray Abrahams, aliyeandika juu yake katika jarida la African Affairs mwaka 1987, aliweka maneno mawili, sungusungu na vigilante, kwenye kichwa cha makala yake. Si waandishi wote watakaokurahisishia hivyo.

Kwa mafrateri nina neno moja zaidi. Ukitaka vitabu alivyoandika Mtakatifu Thomas wa Akwino, chagua uwanja wa mwandishi. Ukitaka vitabu vilivyoandikwa juu yake, chagua uwanja wa mada. Ukiandika jina lake bila kuchagua uwanja, vyote vitamwagika pamoja, na juu yake vitakuja vyuo na parokia zenye jina lake.

4. Vichujio

Matokeo yakitokea, pembeni utaona vichujio. Vinne vinatosha kwa kuanzia.

Cha kwanza ni maandishi kamili, yaani unaonyeshwa tu kile unachoweza kukifungua sasa hivi. Kinasaidia unapokuwa na haraka, lakini usikiache kimewashwa daima, kwa sababu kitakuficha makala muhimu ambayo mkutubi angeweza kukutafutia.

Cha pili ni makala zilizopitiwa na wataalamu. Fahamu kwamba mara nyingi mashine hupima jarida, haipimi makala moja moja. Jarida likiwa la aina hiyo, hata barua ya mhariri au uhakiki mfupi wa kitabu hupita mlango huo.

Cha tatu ni mwaka. Sekta ya madini nchini imebadilika sana. Ilipata sheria mpya mwaka 1998 na nyingine mwaka 2010, mageuzi makubwa ya sheria yakafuata mwaka 2017, na mwaka 2019 masoko ya madini yakaanza kufunguliwa. Makala ya mwaka 2005 inaweza kuwa nzuri, lakini haiwezi kujua jambo lililotokea baada yake.

Cha nne ni mada. Wakutubi huipa kila kazi maneno rasmi ya mada. Ukipata kitabu kimoja kinachokufaa, angalia mada zake kisha bonyeza. Kwa mfano, mada ya "Gold mines and mining" ikiungana na Tanzania itakuletea vitabu ambavyo vichwa vyake havina hata neno moja uliloandika.

Mwisho, soma tanbihi. Makala moja nzuri hukupeleka kwa nyingine. Katika swali letu ukifika kwenye makala ya Eleanor Fisher katika jarida la Development and Change la mwaka 2007, inayozungumzia kazi na kutengwa katika uchimbaji mdogo Tanzania, au zile za Deborah Bryceson na Jesper Bosse Jønsson juu ya maisha ya wachimbaji, tayari umeshika kamba. Fuata waliowataja, kisha tafuta waliowataja wao.

5. Ukurasa wa kwanza si hukumu

Sasa tufike penye uzito wa somo hili. Kitafutio hupanga matokeo kwa kile kinachoitwa ulinganifu. Mashine huangalia kama maneno yako yamo kwenye kichwa, kwenye mada au kwenye muhtasari, na yanajitokeza mara ngapi. Haijui lipi ni kweli, wala lipi ni la haki.

Andika machimbo, Wasukuma na Tanzania, na upesi utakutana na uchawi, mauaji ya vikongwe, mauaji ya watu wenye ualbino, na zebaki. Mojawapo ya makala zinazojulikana sana ni ile ya Bryceson, Jønsson na Sherrington katika The Journal of Modern African Studies ya mwaka 2010, inayohusisha machimbo, waganga na mauaji ya watu wenye ualbino. Mambo hayo hatuwezi kuyafunika. Ndugu zetu wenye ualbino waliuawa kweli katika Kanda ya Ziwa, na Kanisa haliwezi kukaa kimya juu ya damu yao.

Lakini mwanafunzi anayeishia ukurasa wa kwanza ataandika kana kwamba mchimbaji ni mtu wa hirizi tu. Hatamwona baba anayesomesha watoto kwa mgao wake, wala mama anayeponda mawe na kuuza chakula machimboni, wala vijana wanaopanga matimba kwa uangalifu ili ukuta usimwangukie mwenzao. Amri ya nane inakataza kumshuhudia jirani uongo. Insha yenye tanbihi nyingi inaweza kumshuhudia jirani uongo kwa kuchukua upande mmoja tu wa habari zake.

Dawa yake tunayo darasani. Mtakatifu Thomas, katika Summa Theologiae, huanza kila makala yake kwa pingamizi, yaani hoja zinazopinga kile anachotaka kufundisha. Kisha huleta hoja ya upande wa pili, halafu hutoa jibu lake, na mwisho hurudi kujibu pingamizi moja moja. Tumia mpango huohuo kutafutia. Tafuta mara ya kwanza ukiunga mkono wazo lako. Tafuta mara ya pili kwa maneno ya mpinzani wako. Ikiwa unadhani mgao ni unyonyaji, tafuta exploitation, kisha tafuta pia "risk sharing" na livelihood. Kama hujapata pingamizi tatu zenye nguvu, bado hujamaliza kutafuta.

6. Yasiyomo ndani ya daftari

Yapo mambo ambayo kitafutio huenda kisikuonyeshe kabisa, hata ukitafuta kwa ustadi wote.

Mwaka 2008 ilitoka ripoti iitwayo A Golden Opportunity?, iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, juu ya faida ambayo Tanzania inapata au haipati katika dhahabu. Waliochapisha walikuwa viongozi wa dini kwa pamoja: Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti yake juu ya watoto na zebaki katika machimbo madogo, yakiwemo ya Geita na Kahama. Ripoti za namna hii hazipiti njia ya majarida, hivyo mara nyingi hupatikana kwenye tovuti za waliozichapisha. Zisome, lakini jiulize nani aliandika, kwa lengo gani, na upande wa pili ulijibu nini.

Yapo pia maandishi ya wamisionari. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi mwaka 1883, na Wamaryknoll walihudumu Jimbo la Shinyanga, ambalo askofu wake wa kwanza, Edward McGurkin, alikuwa mmoja wao. Barua na vitabu vya kumbukumbu vya namna hiyo hukaa kwenye nyaraka za shirika na za jimbo. Vitabu kama Seeking a Good Life cha Frans Wijsen na Ralph Tanner, kilichotolewa na Paulines mwaka 2000 juu ya dini na jamii Usukumani, unaweza kuvikuta rafuni seminarini kabla hujavikuta mtandaoni.

Na ipo sauti ya mchimbaji mwenyewe. Hiyo hupatikana kwa kwenda kumwuliza kwa heshima, kwa idhini yake, na bila kuandika jina lake pale ambapo linaweza kumletea madhara.

7. Kwa asiye na akaunti ya chuo

Muumini wa parokia afanye nini? Milango ya bure ipo. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika, na mengi yanafunguka bila malipo. Directory of Open Access Journals huorodhesha majarida ya wazi tu. JSTOR humruhusu mtu binafsi kufungua akaunti ya bure na kusoma idadi fulani ya makala kila mwezi. Vyuo vikuu vyetu navyo vina hazina za kidijitali zenye tasnifu. Ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mfano mzuri kwa mambo ya kilimo, mifugo na mazingira.

Tuseme Kamati ya Haki na Amani inataka kuzungumza na akina mama wanaochoma zebaki jikoni ili kupata dhahabu. Mvuke wa zebaki ukivutwa hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto aliye tumboni. Kamati itafute mercury, gold na Geita, ichague makala mbili au tatu zinazofunguka, isome muhtasari na hitimisho, kisha imwombe mganga wa kituo cha afya awaeleze wasiyoyaelewa. Isome pia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kwa maandalizi hayo wajumbe watazungumza na watu kwa ujuzi, bila kuwatisha kwa uvumi.

Kwa sababu ya mtandao hafifu, ukiwa chuoni pakua makala zako zote na uzihifadhi kwa jina la mwandishi na mwaka. Andika kwenye daftari maneno uliyotafuta na tarehe. Ukirudi baada ya mwezi hutarudia kazi ileile, na msimamizi wako akikuuliza "umetafuta wapi?" utakuwa na jibu.

8. Zoezi

Chagua swali moja la jumuiya yako. Liandike kwa sentensi moja. Ligawe katika mawazo matatu, kila wazo lipe maneno manne. Tafuta mara mbili, mara moja kwa ajili ya wazo lako na mara moja dhidi yake. Soma makala moja kutoka kila upande, kisha mweleze mwenzako hoja ya mpinzani mpaka akiri kwamba umeieleza kwa haki.

Mtakatifu Thomas anatofautisha bidii ya kujifunza na udadisi usiofaa, katika swali la 166 na la 167 la sehemu ya pili ya pili ya Summa. Bidii hutafuta ukweli kwa kiasi na kwa lengo jema, wakati udadisi hukusanya habari kwa ajili ya majivuno au bila lengo. Kisanduku kinaweza kuwahudumia wote wawili. Tumwombe Roho Mtakatifu atujalie bidii, ili tunachokiandika juu ya ndugu zetu wa machimboni wakikisoma wenyewe wakubali kwamba ndivyo walivyo.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.